Hapana Yuko Likizo

"Shika bega, mama. Mimi nashika kiuno."

Mama mkwe akashika bega. Mama Geji akapenyeza mikono chini ya kiuno cha mumewe, wakavuta pumzi pamoja, wakamgeuza. Mtu mzima asiyejiweza ni mzito kuliko gunia, maana gunia halikutazami usoni. Kidonda cha mgongoni kilikuwa kimefunguka tena. Kitambaa cha jana kilishikana na nyama, ikabidi kilowekwe kwa maji ya chumvi kabla ya kubanduliwa. Mumewe hakulia. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu, na huko juu alikuwa amezoea.

"Nilikaza," alisema, uso ukielekea ukutani.

"Tunajua ulikaza, baba," mama yake akajibu.

"Nilikaza mpaka spana ikalia. Nati haikulegea. Iliteleza. Ilitoka na meno yake."

Alisema hivyo kila asubuhi, kama mtu anayetoa ushahidi mbele ya hakimu asiyetaka kuamka. Alikuwa fundi wa minara. Mnara wa tangi la maji aliusimamisha mwenyewe, ukasimama masika nzima bila neno. Kisha akatumwa kuupanda aupake rangi, upepo ukavuma, na mguu mmoja wa mnara ukaachia. Kampuni iliyomwajiri ikasema fundi hakukaza. Neno hilo moja lilitosha: hospitali ikaambiwa kampuni haihusiki tena, kitanda kikapewa mwingine, naye akarudishwa nyumbani kwa bajaji, mguu mmoja ukiwa nje. Hata mafundi wenzake, aliowafundisha kushika spana, walianza kusema, "Siku ile kaka hakukaza vizuri." Mdogo wake mwenyewe alisema.

Mama Geji akafunga kitambaa kipya, akanawa mikono, akaenda kazini. Kazini kwake, kiwandani, ndiko zilikotoka boliti na nati za mnara ule.

Jina la Mama Geji alipewa kiwandani. Alikuwa na stashahada ya ufundi, na kwa miaka alikaa kwenye meza ya ukaguzi. Boliti hupimwa kwa geji, yaani pete mbili za chuma zenye meno ndani. Pete ya kwanza lazima ipite kwenye boliti hadi mwisho. Wafanyakazi waliiita Bwana Ndiyo. Pete ya pili inatakiwa igome. Ikikubali kuingia, basi boliti ni nyembamba na meno yake ni mafupi. Hiyo waliiita Bi Hapana. Boliti haiuzwi mpaka wote wawili waseme lao.

Mwenye kiwanda, ambaye ndiye pia mwenye kampuni iliyomwajiri mumewe, alikuwa na jina lake pia, ambalo hakuna aliyelitamka mbele yake: Nusu Mili. Alilipata alipoanza kununua vyuma vyembamba kwa nusu milimita kuliko inavyotakiwa. Kwa macho huoni tofauti. Bwana Ndiyo naye haoni. Boliti nyembamba anaipenda sana, anaipita mbio. Aliyeona ni Bi Hapana peke yake. Kwa hiyo akaondolewa mezani, akafungiwa kwenye kabati la injinia, na ukimuulizia unajibiwa, "Hapana yuko likizo." Watu walicheka. Mama Geji naye alicheka siku ya kwanza.

Na waliozisifu boliti hizo kuliko watu wote walikuwa mafundi wenyewe, wale wanaoning'inia juu. Nati ilizunguka kwa kidole, kazi ikaenda. Zamani walipambana na nati ngumu huku jasho likiwaingia machoni. Sasa raha mustarehe. Mumewe mwenyewe alisema siku moja wakiwa wanakula, "Siku hizi mnatengeneza kitu laini, mke wangu. Wape pongezi."

Meno ya boliti na ya nati yanatakiwa yaumane kama vidole vya mikono miwili iliyofumbatana. Hizi zilishikana kwa kucha. Spana inakudanganya: inakaza, inalia, mkono unaridhika. Baadaye upepo unatikisa, mzigo unatikisa, na jino la kwanza, ambalo ndilo hubeba sehemu kubwa, linainama. Likikatika hilo, linafuata la pili. Maji ya mvua yanaingia kwenye nafasi iliyobaki, kutu inakula kilichosalia. Mwishoni nati inavuka kama kofia. Hayo yote anayajua kila mtu aliyekaa darasani, na injinia wa kiwanda alikaa benchi moja na Mama Geji.

Alimwendea wiki ile mumewe aliporudishwa nyumbani.

"Nipe Hapana."

"Yuko likizo."

"Sijaja kucheka."

Injinia akainuka, akafunga mlango. "Sikia, dada. Wewe unajua, mimi najua. Bosi anajua kutushinda sote. Tukishajua wote watatu, kinabadilika nini?"

"Mume wangu anaitwa mzembe."

"Nikisema boliti ni mbovu, nafukuzwa leo. Kesho anakuja mwingine mwenye mke na kodi ya nyumba, naye atakwambia Hapana yuko likizo. Watoto wangu niwalete kwako?"

"Walete. Nitawafundisha kumgeuza."

Injinia alitazama mikono yake. Kesho yake Mama Geji aliondolewa kwenye ukaguzi, akapelekwa kwenye ufungashaji kushona midomo ya magunia.

Huko ndiko alikopata muda wa kufikiri. Sindano inaingia, sindano inatoka, kichwa kinabaki huru. Hakutaka kuombwa radhi. Hakutaka Nusu Mili afilisike, maana matajiri wanafilisika wakiwa wamevaa viatu. Alitaka aanguke. Aanguke kutoka juu, asikie chuma kikiachia chini ya miguu yake, awe na muda wa kujua ni nini kinachotokea kabla ya kufika chini. Akalala na wazo hilo, akaamka nalo, akalibeba kwenda kazini pamoja na chakula chake cha mchana. Lilimpa nguvu. Hata kumgeuza mumewe kukawa kwepesi.

Na riziki ya mtu haipotei. Nusu Mili alikuwa akijijengea roshani ya chuma nyumbani kwake, ghorofa ya pili, ya kukaa na wageni wake jioni. Kwa kazi hiyo hakutaka boliti za kiwanda chake. Aliagiza kutoka kiwanda cha mbali, zikaja kwenye maboksi yaliyofungwa, yakawekwa kwenye ufungashaji yasubiri gari. Vichwani zilikuwa na alama ya kiwanda hicho. Alama hiyohiyo Nusu Mili alikuwa ameiiga zamani, akaigonga kwenye boliti zake zote. Ukiziweka pamoja huwezi kuzitenganisha.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, Mama Geji alifungua maboksi kwa kisu cha kukatia uzi, akatoa zilizokuwemo, akajaza za kiwandani, akayabandika gundi kama yalivyokuwa. Zile nzuri alizitia kwenye magunia ya oda ya daraja. Daraja lenyewe lilikuwa la waenda kwa miguu, la kuvukia korongo, watoto wa upande wa pili wafike shuleni bila kushuka bondeni. Hakuzitia humo kwa wema. Hakuwa na mahali pengine pa kuzificha.

Hesabu yake ilikuwa hii: roshani ingesimama kwanza, kama mnara ulivyosimama. Mafundi wangemaliza, wangekusanya vifaa, wangeondoka. Kisha ingekuja siku Nusu Mili ameweka kiti chake, amealika watu wa aina yake, wanacheka, wanakanyaga, wanacheza kidogo. Siku hiyo.

Gari lilipokwenda kupeleka maboksi, naye akaambiwa apande.

"Mimi wa nini?" alimuuliza dereva.

"Bosi kasema aletwe mtu anayejua boliti. Panda, mama, jua kali."

Nusu Mili alikuwa amekaa uani chini ya mwavuli, miguu imetanuliwa, soda mkononi. Injinia alisimama nyuma ya kiti. Mafundi walikuwa wameshainua vyuma vya roshani, vimeshikizwa kwa kamba, vinasubiri boliti. Walikuwa kikosi kilekile cha mumewe. Shemeji yake, mdogo wa mume, sasa ndiye aliyekuwa kiongozi.

"Wewe si mke wa yule fundi aliyeanguka?" Nusu Mili aliuliza.

"Ndimi."

"Pole sana, mama. Mwambie akipona ajifunze kukaza."

Mafundi wawili wakacheka, kile kicheko cha mbele ya bosi. Shemeji hakucheka. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililomchoma Mama Geji zaidi.

Nusu Mili akatia mkono mfukoni, akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso. Akaifungua leso taratibu. Bi Hapana, anang'aa, amepakwa mafuta.

"Nyumbani kwangu sifungi kitu sijakipima," alisema. "Biashara hii naijua. Watu wezi sana. Haya, pima wewe. Jicho lako naliamini."

Hilo Mama Geji hakuwa amelipangia. Alikuwa hajaishika pete ile tangu ipelekwe kabatini, na vidole vikaikumbuka mara moja. Akachukua boliti kutoka kwenye boksi, akaweka pete kwenye ncha, akazungusha. Iliingia. Haikusita hata kidogo. Ilishuka kwenye boliti kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda. Injinia alikuwa amesogea, yuko begani kwake. Aliona.

"Inagoma," Mama Geji alisema.

Nusu Mili akamgeukia injinia.

Injinia akakohoa. "Inagoma, bosi."

Alisema vile kwa ajili ya nani? Mama Geji hakujua, na pengine injinia mwenyewe hakujua. Mtu akizoea kufunika, anafunika tu.

Mafundi wakafunga boliti. Nati zilizunguka kwa kidole. "Hizi za ng'ambo ni tamu!" mmoja alipiga kelele kutoka juu. "Ingekuwa hizi kila siku, tungestaafu tukiwa vijana." Spana zikalia, kamba zikafunguliwa, roshani ikasimama. Mama Geji akafunga kanga yake vizuri, akageuka kwenda garini. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

"Bado," Nusu Mili alisema. "Pandisheni mifuko ya saruji, ile yote. Kisha pandeni wenyewe mruke."

"Turuke, bosi?" Shemeji akauliza akicheka. "Kwani sisi ng'ombe wa kukanyaga nafaka?"

"Hapo watakaa watu wa heshima. Kabla yao mtaruka nyinyi."

Mama Geji alisimama, mkono kwenye mlango wa gari. Mifuko ikapanda, mmoja mmoja, ikapangwa ukingoni. Mafundi wakapanda. Shemeji, ambaye tangu utotoni hakuweza kukaa na watu bila kuwachekesha, akanyoosha mikono kama bwana harusi. "Angalieni! Hivi ndivyo mtu anavyokaza!" Akaruka. Wengine wakaruka naye. Vumbi likashuka. Wakaruka tena, na safari hii Mama Geji akasikia, chini ya vishindo vya miguu, mlio mfupi mkavu, kama mtu aliyevunja kijiti cha kibiriti.

Jino la kwanza.

"Shemeji, shuka!"

"Eti?"

"Shuka! Shukeni wote! Msiruke, tembeeni, shukeni!"

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona mtoto karibu na moto. Hakuna aliyeuliza swali. Waliteremka kwa ngazi, mmoja nyuma ya mwingine. Nusu Mili akasimama, soda ikamwagika kwenye suruali.

"Una nini wewe mwanamke?"

"Nimezibadilisha," Mama Geji alisema. "Zako zile za maboksi nilizitoa. Hizi ni za kiwandani. Ni zako."

Ilichukua muda kumwingia. Alitazama juu kwenye roshani, mahali kitakapokaa kiti chake, akatazama chini kwenye sakafu ya mawe, na uso ukambadilika rangi.

"Ulitaka kuniua." Akawageukia mafundi. "Nyinyi ni mashahidi! Huyu alitaka kuniua!"

"Kwa kitu gani?" Mama Geji aliuliza. "Kwa kisu? Kwa sumu?"

"Kwa boliti hizo hizo!"

"Kwa hiyo zinaua."

Shemeji akarudi juu ya ngazi bila kuambiwa, akafika kwenye pembe iliyolia, akashika nati kwa vidole viwili. Ikatoka. Hakuizungusha, aliivuta tu. Akashuka nayo, akafungua kiganja mbele ya wenzake. Ndani yake mlikuwa na vipande vya meno vilivyojikunja kama maganda ya penseli.

"Kaka alikaza," alisema, na hakuwa akizungumza na mtu.

Nusu Mili si mjinga. Aliona mtego alioutega kwa mdomo wake mwenyewe, akaanza kurudi nyuma. "Nani kasema zinaua? Hasira tu. Haziui. Injinia, waambie."

"Ni nzima," injinia alisema, akitazama viatu vyake. "Kwa matumizi ya kawaida."

"Basi panda, bosi," Shemeji akasema kwa upole. "Panda uruke. Sisi tutahesabu."

Nusu Mili hakupanda. Alipiga simu.

Kituoni, afande alianza kuandika jaribio la kuua. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, aliyempa Mama Geji nusu ya chai yake na kumuuliza hali ya mgonjwa. Alikuwa bado anatafuta karatasi ya pili pale Nusu Mili aliporudi na wakili.

"Futa hilo," wakili alisema. "Boliti za mteja wangu hazijawahi kumuua mtu wala haziwezi. Andika wizi."

"Wizi wa nini, mheshimiwa?"

"Boliti za roshani. Zimo kwenye magunia ya daraja, amekiri mwenyewe."

Basi magunia ya daraja yakaletwa kituoni, yakamwagwa uani. Boliti zote zilikuwa na alama moja kichwani, na afande akakuna kidevu. "Sasa nitajuaje ya wizi ni ipi?"

Injinia akatoa Bi Hapana. Akapiga magoti kwenye mchanga, akapima moja baada ya nyingine. Pete ilipoingia, alirusha boliti kwenye gunia. Pete ilipogoma, aliiweka kwenye boksi, kwa uangalifu. Hakuinua uso hata mara moja. Mama Geji alikuwa kwenye benchi la ndani, anamwona dirishani.

"Afande," alisema. "Hizo anazorudisha kwenye gunia ndizo mbovu. Zinakwenda kwenye daraja."

"Nimekusikia, mama."

"Watoto watapita pale."

"Nimekusikia. Lakini mbovu hazijaibiwa. Mimi nashughulika na zilizoibiwa."

Maboksi yakapelekwa nyumbani kwa Nusu Mili. Magunia yakashonwa upya, yakapakiwa.

Shemeji alikuja kumwona kabla ya lori kuondoka. Alikaa upande wa pili wa benchi, kofia mkononi.

"Umemwambia kaka yako?"

"Nimemwambia. Nimepiga magoti, shemeji. Nimemwomba radhi."

"Akasema nini?"

"Alicheka. Kisha akauliza kama bosi ameanguka." Akageuza kofia. "Nikamwambia bado."

"Nani anamgeuza?"

"Mimi na mama. Ila leo bosi katupa kazi ya daraja. Kikosi chote."

Mama Geji alimtazama.

"Usinitazame hivyo. Nikikataa, wapo wengine getini wanasubiri jina langu lifutwe. Nitafunga nati mbili mbili kila mahali."

"Meno ni yaleyale."

"Najua ni yaleyale! Nimeyashika kwa mkono wangu!" Akainuka. Honi ya lori ilikuwa inampigia. "Mama atajitahidi peke yake siku hizi chache," alisema, akatoka. Alipanda juu ya magunia, akakaa katikati ya wenzake, na lori likaenda naye akiwa amekipa kituo kisogo.

Mama Geji hakulia. Alikaa na lile wazo lake la kumwona Nusu Mili akianguka, ambalo halikuwa limepungua hata punje. Siku zikapita hapo benchini na kwenye chumba cha nyuma, kesi ikipigwa kalenda, na habari za daraja zikaingia na kila aliyeingia: nguzo zimesimama, vyuma vimefika ng'ambo, mbao zinapigiliwa.

"Linafunguliwa karibuni," afande alimwambia asubuhi moja, akimmiminia chai. Alikuwa na furaha.

"Nani atapita wa kwanza?"

"Aliyelijenga, nani mwingine? Bosi wako. Utepe ukikatwa, anatangulia yeye hadi katikati, anasimama, anapunga mkono, watu wanapiga picha."

Mama Geji akaweka kikombe chini. Katikati. Kitu kifuani kwake, kilichokuwa kimekunjamana tangu siku ya roshani, kikajinyoosha.

"Peke yake?"

"Aa, peke yake haipendezi. Watoto wa shule watakuwepo, wamefundishwa wimbo wa kumshukuru. Binti yangu yumo. Hajalala vizuri wiki hii kwa furaha."

"Watakuwa nyuma yake kwa umbali gani?"

Afande alifikiri, kama mtu anayetaka kusaidia kwa kweli. Kisha akanyoosha mikono yote miwili pembeni, viganja vimefunguliwa kwa chini, kama ameshika mkono wa mtoto kila upande, akaanza kutembea polepole sakafuni kumwonyesha bosi atakavyopita, huku akiimba wimbo wenyewe kwa sauti ndogo. Mama Geji alimtazama akienda hivyo, hatua kwa hatua, mpaka alipofika ukutani.